Kuishi kwa kalamu bila kupiga mizinga

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika kwa Kiswahili, hana mshahara wa gazeti wala wa wizara, na anataka kodi ya nyumba itoke kwenye uandishi wake. Niko Dar es Salaam, Tabata, kwa hiyo bei na ofisi ninazozitaja ni za huku. Aliye Mombasa au Bujumbura atabadilisha majina ya ofisi na kubaki na mpango. Bei zote ni zile nilizolipa au kulipwa mimi mwenyewe. Kwa fundi mwingine zitapanda au kushuka.

Nina miaka 12 kwenye kazi hii na sijawahi kuvuma. Hakuna aliyenisimamisha barabarani akaomba kupiga picha na mimi. Lakini watoto wanasoma, na sijakopa hela ya unga tangu mwaka wa nne. Kilichonivusha ni kuwa na mifuko mitatu: kazi za watu, hadithi za simu na vitabu vya karatasi. Mmoja ukikauka, mwingine unashika zamu. Mifuko yote hiyo inashonwa na daftari la namba za wasomaji na wateja, ambalo nitalirudia mpaka uchoke.

Hatua ya 1: Jua nyumba yako inakula shilingi ngapi

Waandishi tukiulizwa tunahitaji kiasi gani kwa mwezi, tunatazama dari. Chukua karatasi. Yangu ya mwaka jana ilisomeka hivi, kwa mwezi: kodi 250,000 (mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani milioni moja na nusu), chakula 350,000, luku ya umeme, maji, gesi na nauli 120,000, bando 40,000, ada za watoto, ambazo hudaiwa Januari na Julai lakini mimi naziweka kila mwezi, 100,000, mama kijijini 50,000, dawa na hospitali 60,000. Jumla 970,000.

Hapo hujamaliza. Mwaka wa mwandishi una miezi kama tisa ya kuvuna na mitatu ya kupiga miayo. Zidisha 970,000 kwa 12, gawa kwa 9, utapata karibu 1,300,000. Hicho ndicho kiasi ambacho mwezi mzuri unatakiwa kuleta ili na mwezi mbaya nao upate kula. Nilipoiona namba hiyo mara ya kwanza nilikasirika siku nzima, kisha nikaacha kupokea kazi za elfu ishirini.

Kama una ajira, usiiache kwa hasira za bosi. Shaaban Robert aliajiriwa ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kuandika akiwa mtumishi wa serikali miaka na miaka, na wino wake haukukauka. Mimi ningemshauri mtu aache kazi akiwa na vitu viwili mkononi: akiba ya miezi mitatu (kwa hesabu yangu ni 2,910,000) na wateja wawili waliokwisha kurudi kwake mara ya pili bila kubembelezwa.

Uwe pia na laini mbili za simu. Hela za kazi ziingie kwenye laini ya kazi, na laini hiyo hainunui nyanya. Kila Jumatatu unajitumia posho kwenye laini ya nyumbani, ukiumia kwa makato kama kila mtu. Ya kodi mimi naipeleka kwenye mchezo wa kupeana hela kwa zamu wa akina mama wa mtaani kwetu. Kijumbe wetu, anayezikusanya, ni mkali kuliko meneja yeyote wa benki, na nilimwomba zamu yangu iangukie mwezi ambao mwenye nyumba anapiga hodi.

Hatua ya 2: Tafuta kazi za watu

Kazi za watu ni maandishi ambayo mara nyingi jina lako halitoki. Ziko nyingi kuliko tunavyodhani: kuandika upya ripoti ya taasisi iwe Kiswahili kinachosomeka, vipeperushi vya afya, michezo ya redio, maneno ya matangazo, hotuba, uhariri wa vitabu vya wengine, tafsiri, kumbukumbu za wastaafu.

Hizo za wastaafu ndizo nizipendazo. Ya kwanza niliipata msibani. Jirani yetu alifariki, nikaombwa niandike wasifu wa marehemu kwa sababu "wewe si ndiye mwandishi". Niliuandika usiku, kwa mkono, kwenye kurasa mbili za daftari la mwanangu. Badala ya kuorodhesha shule alizosoma na vyeo, nilieleza alivyokuwa akifunga baiskeli yake kwa kamba mbili, moja ya mwizi na moja ya shetani. Watu walicheka wakilia. Baada ya mazishi mzee mmoja akaniita pembeni, akauliza nani kaandika. Alikuwa amestaafu serikalini akiwa na miaka 60, kiinua mgongo kimeingia, na alitaka wajukuu wake wajue alikotoka. Kazi ile ilichukua miezi minne na ililipa kodi ya mwaka mzima. Tangu hapo wastaafu wananiletea wastaafu wenzao.

Tafsiri nayo ina soko, hasa tangu Umoja wa Afrika ulipokipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022 na mashirika yakaanza kutaka nyaraka zao zisomeke huku. Kama unataka kuingia rasmi, nenda BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ukaulize utaratibu wao wa wafasiri na wakalimani. Baraza hilo lipo tangu 1967 na wateja wakubwa hulitazama. Kuhusu bei, toza kwa neno la lugha chanzi, yaani ile unayotafsiri kutoka kwake. Kiswahili kinabana: "sitakupigia" ni neno moja, Mwingereza anahitaji matano. Ukihesabu maneno ya tafsiri uliyoitoa, unajipunja mwenyewe.

Siku hizi kuna mteja mpya anayesema, "Nimeshaipitisha kwenye programu, wewe uisome tu uniambie." Usitaje bei kabla hujasoma ukurasa mmoja mzima. Mara nyingi kunyoosha sentensi zilizopinda kunakula muda kuliko kuandika upya, na mteja anayeanza na neno "tu" huwa ameshaamua kwamba kazi yako ni ndogo.

Usijitangaze kwamba unaandika chochote. Tengeneza kurasa tatu za mfano kwa aina moja ya kazi, ziwe safi, zikae kwenye simu tayari kutumwa. Na uangalie kalenda: mwaka wa fedha wa serikali unaisha 30 Juni, kwa hiyo Mei na Juni ofisi nyingi zinakimbizana na bajeti na kazi zinamwagika. Julai na Agosti kunakuwa kimya kama msikitini mchana. Hiyo ndiyo miwili kati ya ile miezi mitatu ya miayo.

Hatua ya 3: Taja bei mapema, kisha nyamaza

Mazungumzo haya ni ya kweli, nimebadilisha kidogo tu ili mwenyewe asijitambue.

"Habari za mchana dada. Nina kakitabu kadogo nataka uniandikie."

"Nzuri kaka, karibu. Kana kurasa ngapi, na kanatakiwa lini?"

"Kadogo tu. Wewe anza kuandika, hela tutaongea. Sisi ni ndugu."

"Sawa kaka. Kitabu cha kurasa 60 nachukua laki tisa. Nusu kabla sijaanza, robo nikikupa rasimu, robo siku ya kukabidhi. Marekebisho ya mara mbili yamo humo humo."

Ikapita dakika arobaini. Tiki mbili za bluu zipo, jibu hakuna. Hapa ndipo tunapojiharibia: mtu ananyamaza, wewe unaogopa, unaandika mwenyewe "lakini tunaweza kupunguza kaka". Weka simu kifudifudi, kaoshe vyombo.

"Duh. Laki tisa dada?"

"Ndiyo kaka. Kama bajeti haifiki, tunaweza kufanya kurasa 40 kwa laki sita."

Angalia kilichopungua hapo. Bei ya ukurasa ni ileile 15,000. Kilichopungua ni kazi. Ukipunguza bei na kazi ikabaki vilevile, umemfundisha mteja kwamba ya kwanza ilikuwa ya kumtapeli, na mara ijayo ataanzia chini zaidi.

Advansi ni lazima, hata kwa mtu mnayesali naye. Sianzi hata kusoma nyaraka za mteja kabla nusu haijaingia, isipokuwa ule ukurasa mmoja wa kupimia. Kwa ndugu wa damu nina utaratibu wangu: kazi mbili bure kwa mwaka, zikiisha zimeisha, wa tatu anangoja Januari. Wasifu wa marehemu sitozi mtu yeyote.

Hatua ya 4: Karatasi moja yenye sahihi mbili

Mkataba si lazima uwe wa mwanasheria. Ukurasa mmoja unatosha ukisema haya: nani anaandika nini, urefu gani, tarehe ya kukabidhi, bei na awamu za malipo, marekebisho mangapi, na haki zinabaki kwa nani. Hilo la mwisho ndilo linalotutia umaskini, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kwa Tanzania Bara kazi yako inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Ulinzi unaanza pale unapoiandika, unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa cheti cha kuonyesha siku ya ugomvi. Zanzibar ofisi yao ni COSOZA. Lakini cheti hakikusaidii kama wewe mwenyewe umesaini kuuza kila kitu. Nilipokuwa mgeni niliandika mchezo wa redio wa vipindi 26 kwa kampuni moja. Nikalipwa mara moja, nikanunua friji. Mchezo ukarudiwa hewani, ukatolewa kwenye CD, ukasikika mpaka kwenye daladala ya Gongo la Mboto niliyokuwa nimepanda mimi, na sikuwa na pa kudai. Kwenye karatasi niliyosaini kulikuwa na maneno manne: haki zote, bila kikomo. Friji lenyewe lilishakufa.

Ukikutana na maneno hayo, yavunje vipande. Mchapishaji anataka kuchapa kitabu cha karatasi kwa Kiswahili? Mpe hicho, kwa miaka mitano. Sauti, filamu, tafsiri na nakala za simu bakiza. Kwa kazi za wastaafu na za taasisi ni tofauti, pale unauza kweli na jina ni lao. Bei ya juu ndiyo fidia yako.

Mchapishaji akikwambia mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10, muulize asilimia 10 ya nini. Kitabu cha 15,000: asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,500. Lakini kama ni asilimia 10 ya kinachomfikia yeye baada ya duka kukata asilimia 35, ni 975. Kwa nakala elfu moja tofauti ni zaidi ya laki tano, na yote imefichwa kwenye neno moja la mkataba. Ongeza pia kifungu cha kurudishiwa mswada wako usipochapwa ndani ya miezi 18. Mswada wangu mmoja ulilala miaka minne kwenye kabati la watu nisiotaka kuwataja, na kila nikipiga simu naambiwa mhariri yuko safarini.

Hatua ya 5: Hadithi ya simu, na daftari

Huu ndio mfuko wangu wa pili, na ndio unaolipa kila mwezi hata kama ni kidogo. Zamani hadithi za mfululizo zilikuwa za magazeti, mtu ananunua Ijumaa ili ajue kama mhusika ameuawa. Sasa mfululizo umehamia kwenye simu na mwandishi anauza mwenyewe.

Mimi nafanya hivi. Naandika sehemu kubwa ya hadithi kwanza; nzima ni vipande 60 vya maneno kama 800. Sianzi kurusha kabla sijafika angalau kipande cha 45, kwa sababu ukiumwa malaria katikati wasomaji hawatakuonea huruma, watakudai. Vipande 15 vya kwanza nawapa bure, kimoja kila jioni saa mbili na nusu, baada ya taarifa ya habari. Kipande cha 15 lazima kiishie pabaya: mlango unafunguliwa, msomaji anajua aliye nyuma yake, mhusika hajui. Hapo naweka tangazo: vipande 45 vilivyobaki ni shilingi 3,000, lipia namba hii, ukilipia tuma jina lako, nakuingiza kwenye grupu la waliolipa.

Watu wanalalamika. "Dada unatutesa." "Yaani elfu tatu kwa maneno tu?" Waache walalamike, huku wengine wanalipa. Hadithi yangu ya mwisho ilipata wasomaji 180 waliolipa, sawa na 540,000 kwa miezi miwili. Si ya kujengea nyumba, lakini ni luku, maji, gesi na nauli kwa zaidi ya miezi minne.

Wezi watakuwepo. Kuna mtu analipa elfu tatu na kurusha kila kipande kwenye grupu la watu mia tano. Nilipigana nao mwaka mzima, nikapoteza usingizi na marafiki. Siku hizi waliolipa nawapa pia faili la PDF mwishoni lenye jina na namba ya mnunuzi kila ukurasa, hiyo inapunguza mkono. Na mwisho wa kila kipande ninaweka namba yangu ndani ya sentensi ya mhusika, kwenye kibao cha duka au kwenye tiketi ya basi, mahali ambapo mwizi mvivu hataifuta. Nimepata wateja wengi kupitia wezi.

Sasa daftari. Mwaka wangu wa sita nilikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja wenye wafuasi 11,000. Asubuhi moja niliamka nikakuta umedukuliwa na unauza dawa za kuongeza makalio. Niliandika, nikalalamika, nikatuma kitambulisho changu mara tatu. Ukurasa haukurudi. Nilichobaki nacho ni kaunta buku lenye namba 214, ambalo nilikuwa nikiandika kila anayelipa: jina, namba, mkoa, alichonunua, tarehe. Nikawatumia wale 214 ujumbe mmoja mmoja, siku tatu, vidole vikauma. Zaidi ya nusu walinunua hadithi iliyofuata. Kati ya wale elfu kumi na moja, hakuna aliyejua pa kunitafuta, na wengi nadhani hawakuona hata kama nimepotea.

Kwa hiyo kila anayelipa anaingia daftarini siku hiyohiyo. Mali bila daftari huisha bila habari, na msomaji ni mali. Mwombe ahifadhi namba yako kwa jina, kwa sababu orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256 tu na ujumbe humfikia yule tu aliyekuhifadhi. Usimtumie kila siku. Mimi nawaandikia wote mara moja kwa mwezi, na kila mara kuna kitu cha kusoma ndani yake hata kama sina cha kuuza.

Hatua ya 6: Kitabu cha karatasi, kwa hesabu

Mwandishi kujichapishia mwenyewe si jambo jipya kwetu. Ben Mtobwa alikuwa na kampuni yake, Heko, na riwaya za kipelelezi zilisafiri kwenye vibanda vya magazeti nchi nzima. Jambo gumu ni kutokuzika hela kwenye maboksi chini ya kitanda.

Kitabu changu cha mwisho kilikuwa kurasa 160. Wachapaji wanapenda kurasa zinazogawanyika kwa 16, maana fomu moja ni kurasa 16. 160 ni fomu kumi kamili. Ukiwapelekea 163 utalipia karatasi tupu. Nilichapa nakala 500 kwa 4,500 kila moja, sawa na 2,250,000. Mhariri alichukua 400,000, upangaji wa kurasa 200,000, jalada 150,000. Jumla kuu milioni tatu, yaani 6,000 kwa nakala.

Nikaweka bei 15,000. Nakala nikiiuza mwenyewe inaniachia 9,000. Nikiipitisha dukani, duka linabaki na asilimia 35, mimi napata 9,750, nikitoa gharama inabaki 3,750. Kurudisha milioni tatu zangu nahitaji kuuza nakala 200 kwa mkono, au 308 kwa maduka, na maduka mengi hulipa baada ya kuuza, ukikumbuka kwenda kudai. Ndiyo maana napeleka dukani nakala 60 au 80 tu, kwa ajili ya kuonekana, na kila duka lina ukurasa wake daftarini na sahihi ya aliyepokea.

Kabla ya kuchapa nauza. Nawaandikia wa daftarini: kitabu kinatoka baada ya wiki sita, wa mwanzo 100 ni 12,000 badala ya 15,000, na majina yao yatachapwa nyuma ya kitabu. Hilo la majina linavuta kuliko punguzo. Milioni moja na laki mbili zinaingia kabla mashine haijawashwa. Zisipoingia, jua kitabu hicho hakijapata watu wake. Chapa nakala 100 kwa mashine ya dijitali, hata kama kila moja ni ghali zaidi, uone upepo.

Usibane hela kwa mhariri. Jalada baya watalisamehe, lakini ukurasa wa tatu wenye "amabye" badala ya "ambaye" utapigwa picha na kurushwa stetasi. Ukishaletewa prufu, nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, isome ikiwa kwenye karatasi, kwa sauti, na mtu mwingine aisome. Mimi niliwahi kukuta mhusika amekufa kipande cha tisa na anakunywa chai kipande cha kumi na moja. Mhariri hakuona, mimi sikuona, aliyeona ni binti wa dukani aliyekuwa akinitolea fotokopi.

Kwa wa mikoani tumia mabasi. Bahasha ya kaki, jina na namba ya mpokeaji pande zote mbili kwa kalamu nene, unaipeleka stendi ya Magufuli, Mbezi, kwenye ofisi ya vifurushi ya basi la huko anakokaa. Piga picha risiti umtumie. Nauli ya kifurushi anailipa yeye, mwambie mapema.

Hatua ya 7: Ofisi

Siku moja inatosha kwa nyingi. TIN, namba ya mlipa kodi, unaipata TRA, mamlaka ya mapato. Taasisi ikikulipa kwa huduma itakata kodi ya zuio asilimia 5. Dai cheti chake kila mara na kitunze, maana hiyo ni kodi uliyokwisha kulipa. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, unaiomba Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, na utatakiwa kuacha nakala za kitabu kikitoka. Kitabu unachotaka kiingie madarasani kinahitaji ithibati ya mamlaka ya elimu, njia ndefu, usiipangie kodi ya nyumba. Ukianza kuendesha blogu ya habari au televisheni ya mtandaoni, soma kwanza kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za maudhui ya mtandaoni, zipo tangu 2018 na zimebadilishwa zaidi ya mara moja.

Hatua ya 8: Tuzo, ukiwa na nafasi

Shiriki. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya fasihi ya Kiafrika ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti mpaka mstari wa mwisho, hasa kama mswada unatakiwa uwe haujawahi kuchapishwa. Hadithi uliyokwisha kuirusha kwenye simu inaweza kukutoa. Mimi kila mwaka naandika kitu kimoja ambacho hakiuzwi mpaka kitoke huko. Sijashinda. Viwili kati ya hivyo vimekuwa vitabu vyangu vinavyouzika zaidi.

Hatua ya 9: Saa za kazi

Alfajiri ni ya hadithi zangu, saa kumi na moja hadi saa moja, kabla ya watoto na kabla ya simu. Mchana ni wa kazi za watu. Nikigeuza, hadithi hufa, kwa sababu kazi ya mteja ina mtu wa kuidai na yangu haina. Luku ikiisha au umeme ukikatika naandika kwa mkono. Sura nyingi za kitabu cha mwisho zilizaliwa kwenye daftari la mistari na mshumaa wa mbu.

Jumapili jioni ni ya daftari. Naingiza namba mpya za wiki, napiga mstari chini ya waliolipa, kisha nachukua simu na kuwapigia watatu wanaodaiwa. Sitangulizi ujumbe, napiga. Wa kwanza huwa ni yule mzee wa msibani, ambaye sasa tuko naye kwenye kumbukumbu zake za pili. Hajawahi kuchelewesha hata shilingi, ila lazima kwanza umwamkie na umuulize habari za goti la kushoto.